BURE HII ANAILIPA NANI?



Tangu mwezi uliopita wanachama 14 wa chama chetu wanapata ujumbe wa simu usiku na mchana: "Hongera, umeshinda." Wenyewe hawajacheza chochote. Tumeulizia na jambo limejulikana. Kijana mmoja anayesaidia kazi za ghalani alichukua namba zao kwenye daftari la wanachama, akaziandikisha katika bahati nasibu ya bure ya kwenye intaneti, kwa vile kila anayealika mwenzie huongezewa nafasi ya kushinda. Amekiri mwenyewe mbele ya kamati, na hapa hatumtaji. Alidhani hamtii mtu hasara. Si ni bure?

Basi hilo neno "bure" ndilo la kuzungumza leo, maana limeingia kijijini upesi kuliko mbolea ya ruzuku.

Bahati nasibu ya kawaida tunaielewa. Kila mtu anatoa hela ya tiketi, hela zinakusanywa, wachache wanapewa zawadi, zinazobaki ni za mwenye mchezo na kodi ya serikali. Hii ya bure haiuzi tiketi. Mwenye tovuti anawauzia wafanyabiashara nafasi ya kuweka matangazo yao, na wao wanamlipa kwa kuhesabu watu wanaoyaona au kuyabonyeza. Hapo anachukua sehemu anaifanya zawadi, sehemu anatia mfukoni. Kwa hiyo, ndugu, mnunuzi ni mwenye sabuni, muuzaji ni mwenye tovuti, na bidhaa iliyoko mezani ni macho yako wewe.

Biashara hii si wizi, tusisingizie. Kule Marekani mwaka 1999 ilianzishwa tovuti iitwayo iWon iliyotoa dola 10,000 kila siku, dola milioni moja kila mwezi na milioni kumi kwa mwaka, na watu walishinda kweli. Kila ulipobonyeza ndani ya tovuti ile ulipata nafasi zaidi, basi watu wakawa wanabonyeza tu. Na Uingereza mwaka 2011 Bwana Chris Holbrook alianzisha Free Postcode Lottery, ambayo baadaye iliitwa Pick My Postcode. Mtu anaandika postikodi ya anapoishi na barua pepe yake, basi. Lakini hapigiwi simu akishinda! Inambidi aende mwenyewe kuangalia kila siku, na asipoangalia kwa wakati zawadi inampita. Mnaona ujanja ulipo? Asingekuwa na haja ya kurudi, nani angeyaona matangazo?

Sisi nasi tulipata postikodi na namba za nyumba katika operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na kuna vijana wawili walioniuliza kama wanaweza kuzipeleka huko. Hapana jamani. Ile ni ya postikodi za Uingereza tu. Tena mfanyabiashara hulipia zaidi macho ya mtu mwenye hela ya kununua, kwa hiyo jicho la mkulima wa hapa lina bei ndogo hata likitazama kutwa.

Niseme na langu, nisije nikaonekana nawahubiria wengine. Mimi mwandishi wa ukurasa huu nilicheza mojawapo kwa miezi miwili. Bando la shilingi 500 kila siku, siku 60, hiyo ni shilingi 30,000. Kweli si zote zilikwenda huko, nyingine nilimsalimia mwanangu, lakini matangazo yenye picha yanakula bando vibaya sana. Nilishinda nini? Sifuri. Na mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchagua namba 6 kati ya 49. Mwalimu wa hesabu alinikalisha chini akanionyesha kwamba michanganyiko yake ni 13,983,816. Ukicheza mmoja kila siku, kuimaliza yote ni zaidi ya miaka 38,000. Nikaenda kupalilia.

Hata hivyo hela ya bando ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni namba. Ukishaiandika huko hujui itapita mikononi mwa nani. Kati ya hao wanachama 14, mama mmoja aliambiwa atume shilingi 20,000 "za kufungulia zawadi", na alikuwa ameshafika kwa wakala wakati mjukuu wake alipomkuta. Tiketi hajanunua, mchezo haujui, zawadi itoke wapi? Anayeomba hela ya kufungulia, au namba ya siri ya simu, au namba ya kitambulisho cha NIDA, huyo ni tapeli. Ujumbe wa namna hiyo upelekwe 15040, usijibiwe. Na malipo ya mazao yanakaribia kuingia kwenye simu zetu, kwa hiyo wezi nao wako macho.

Wapo wajumbe wa kamati wanaotaka simu za kupangusa zisichajiwe tena kwenye sola ya ofisi. Sisi wa ukurasa huu hatukubali. Kwa simu hizo hizo tunapata bei za mnadani na habari za mvua, na kijana atakayezuiwa ofisini atachaji dukani. Kosa halikuwa kwenye chaji. Daftari la wanachama lilikuwa juu ya meza ya ghala, wazi, kila apitaye analifunua. Wanachama walitoa namba zao ili chama kiwalipe, basi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sisi hata kufuli hatuna.

Jumamosi mkutano utaulizwa mambo mawili: daftari liwekwe kwenye kasha, ufunguo kwa katibu na mhasibu peke yao; na namba ya mwanachama isitolewe kwa mtu yeyote bila mwenyewe kuulizwa. Tunaomba mfike mapema, mara ya mwisho akidi ilipatikana saa nane.

Yule kijana kamati imemwagiza apite nyumba kwa nyumba kwa wote 14, aombe radhi na awaonyeshe jinsi ya kuzuia zile namba. Hadi jana jioni alikuwa amefika kwa tisa.