Kutangulia Si Kufika

Kama unaishi Nairobi, bila shaka umeviona vilima vya Ngong kwa mbali, vimejipanga kama ngumi iliyokunjwa. Wengi wetu tunaridhika kuvitazama tukiwa ndani ya matatu. Siku hizi, hata hivyo, vijana wanavipanda wakikimbia, nami naliunga mkono jambo hilo. Lakini sikiliza kwanza yaliyonipata.

Jumamosi moja niliandamana na mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Uwanjani kijana huyo ni moto. Tulipofika langoni aliniambia, "Mjomba, utanikuta Kona Baridi nikinywa chai." Nikacheka, nikamwacha aende. Sweta alikuwa ameiacha nyumbani, akisema mkimbiaji habebi mizigo. Hapo ndipo nilipokosea mimi niliye mkubwa.

Njia hiyo hupita juu ya mgongo wa vilima, kilomita 10 hivi kutoka upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi. Watu huhesabu vilele saba. Kile kirefu zaidi, Lamwia, kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na hakiko mwanzoni. Unapanda, unateremka, unapanda tena. Kila ukidhani umemaliza, kilima kingine kinakungoja.

Mlima wa kwanza mpwa wangu aliupanda mbio. Wa pili pia. Mimi nilitembea, mikono mapajani, nikipitwa hata na watoto. Kisha ukungu ukashuka na upepo ukazidi. Nilipomfikia alikuwa ameketi nyasini, paja limekaza, chupa ya maji tupu, anatetemeka mwili mzima. Nilimvua fulana iliyolowa jasho, nikamvika koti langu. Moyoni nilijiuliza: je, kama angaliteleza upande wa Bonde la Ufa huku ukungu umetanda, ningemwambia nini dada yangu?

Lamwia hatukuiona siku hiyo. Tulirudi Ngong polepole, yeye akiniegemea begani.

Msomaji, kosa lake si udhaifu. Uwanja ni tambarare. Mlima una hesabu nyingine. Ukipanda mbio, mwili unamaliza akiba mapema, na huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya bondeni. Ukiteremka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku inakaza, na hilo ndilo huiumiza zaidi. Ndiyo maana maumivu makali huja siku moja au mbili baadaye, unaposhindwa hata kushuka ngazi. Nao upepo ukipiga nguo iliyolowa jasho hunyang'anya mwili joto upesi, hata kama jua lilikuwa likiwaka saa moja iliyopita.

Basi fanya hivi. Penye mwinuko mkali, tembea bila haya. Hata mabingwa wa mbio za milimani hutembea. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kutweta, punguza mwendo. Mteremkoni piga hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo, macho yakitazama mbele. Kunywa maji kidogo kidogo, na ule kitu, ndizi au njugu, kabla njaa haijakushika. Beba koti jepesi. Usiende peke yako, na uulize langoni kuhusu askari wa kukusindikizeni. Zaidi ya yote, patana na wenzako: kila kileleni, aliyetangulia humngoja wa nyuma.

Majuma kadhaa baadaye tulirudi. Safari hii mpwa wangu alibeba koti lake mwenyewe, na kila kileleni nilimkuta ameketi akitazama Nairobi upande mmoja na Bonde la Ufa upande wa pili. Lamwia tulifika pamoja. Nilipomuuliza mbona hakunitoroka, alijibu, "Mjomba, nikifika peke yangu nitamsimulia nani?"

Chai ya Kona Baridi aliilipia yeye. Nami nakuuliza, mzazi unayesoma haya: mwanao akienda mlimani Jumamosi ijayo, umemuuliza nani atamngoja?