Mafunzo ya Nyumbani: Chumvi na Sukari Katika Maji

Watoto wa shule huuliza: kwa nini chumvi hupotea katika maji, bali mchanga wa ufuo wa Ziwa Viktoria hukaa chini daima? Na tuwajibu, maana jambo hili lina faida kubwa nyumbani.

Kila chembe ya maji ina upande wenye umeme chanya kidogo, na upande wenye umeme hasi kidogo. Chembe za chumvi nazo zina umeme. Kwa hiyo maji huzivuta, huzibandua moja moja na kuzizunguka, hata zisionekane tena. Hazikupotea, onjeni, mtazitambua. Sukari nayo hupatana vema na maji. Bali chembe za mchanga zimeshikana kwa nguvu kuliko maji yawezavyo kuzivuta. Hata kahawa iliyosagwa huyeyuka sehemu yake tu, ikaacha machicha. Lakini ile ya kiwanda cha TANICA, Bukoba, imekwisha kutolewa machicha, ndiyo maana huyeyuka yote.

Tena kila kitu kina kadiri yake. Lita moja ya maji hupokea chumvi gramu 360 hivi, na sukari kilo 2 hivi. Jiwe la chokaa halifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Maji yakisha kushiba, kinachozidi hukaa chini.

Sasa, akina mama na walimu, angalieni sana. Mtoto anayehara hupewa maji ya chumvi na sukari, maana viwili hivi hupita pamoja katika utumbo na kuingia mwilini, na maji hufuata. Yawe maji ya ziwa au ya chemchemi ya Muleba, yachemsheni kwanza, yapoe. Katika lita moja tieni sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vilivyosawazishwa. Nusu kijiko ni gramu 3 hivi tu. Maji yaweza kupokea zaidi ya mara 100 ya hiyo, nayo yakabaki maangavu! Basi msipime kwa macho. Chumvi ikizidi huyavuta maji ya mwili, hata yaweza kumwua mtoto. Pakiti ya ORS ni bora zaidi: itieni yote katika maji kadiri ilivyoandikwa juu yake. Yakipita saa 24, yamwageni. Na mtoto akilegea, au macho yakididimia, mpelekeni zahanati upesi, huku mkimnywesha kidogo kidogo njiani.