Tsunami: Kengele ya Kanisa Ilie kwa Wote



Mwezi huu ukurasa wetu hauzungumzii malaria wala kuhara. Unazungumzia bahari. Wengi wetu katika pwani ya Tanga, kuanzia Moa hadi Mkwaja, tumezoea kusema kwamba tsunami ni balaa la watu wa Asia. Fikra hiyo ni ya hatari.

Mwaka 2020 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika ghuba ya Pangani. Chini ya ardhi kulikutwa mabaki ya makazi ya kale pamoja na mifupa ya watu ambao hawakuzikwa, wamefunikwa na mchanga uliosombwa na tsunami miaka kama 1,000 iliyopita. Basi kwetu imewahi kufika.

Ilifika tena tarehe 26 Desemba 2004, siku ya Dominika. Ardhi ilitetemeka karibu na Sumatra, Indonesia, yapata saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Hapa hakuna aliyeshtuka usingizini. Mawimbi yalifika Afrika Mashariki mchana. Somalia walikufa watu karibu 300, na hapa Tanzania wasiopungua 10, wengi wao wakiwa wanaogelea Dar es Salaam. Tufikiri: wimbi lilipokuwa njiani, Misa za asubuhi zilikuwa zinasomwa. Tangazo moja baada ya Komunyo lingetosha kuwazuia watoto wasiende ufukweni.

Siku hizi nchi za Bahari ya Hindi zina mpango wa kupeana tahadhari, na kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo inayoitangaza. Lakini habari iliyofika Dar es Salaam haijamfikia mama anayetafuta pweza mwambani. Hatua hiyo ya mwisho ni kazi yetu. Tunashauri kila kigango cha pwani kikubaliane na serikali ya kijiji na ndugu zetu Waislamu: kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti vitoe ishara moja inayojulikana na kila mtu, hata mtoto.

Kila familia ijue mambo haya:

1. Bahari ikikupwa ghafla, wakati si wake, usiende kuokota samaki. Kimbia. Wimbi linarudi.

2. Ukihisi tetemeko kubwa ukiwa pwani, usingoje tangazo.

3. Nenda kwenye mwinuko, mbali na mdomo wa mto, kwa maana wimbi hupanda mtoni. Mvuvi aliye kilindini abaki kilindini.

4. Wimbi la kwanza si la mwisho, na mara nyingi si kubwa kuliko yote. Usirudi mpaka uambiwe ni salama.

5. Jumuiya iwe na orodha ya wazee, vipofu, walemavu na wajawazito, na ijulikane nani atambeba nani.

6. Wenye kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au wanaotumia ARV waweke dawa na kadi ya kliniki katika mfuko mmoja.

Maji yakishapungua, hatari haijaisha. Visima huingiwa na chumvi na uchafu wa vyoo, na kipindupindu huweza kufuata. Kunywa maji ya kisima safi cha mbali, yaliyochemshwa. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Kila jeraha lisafishwe, na aliyeumia aende kituo cha afya kuchomwa sindano ya pepopunda.

Wapo wanaosema tuyaachie haya mapenzi ya Mungu. Sisi wauguzi tunasali kila siku, na bado tunanawa mikono kabla ya kumzalisha mama. Nuhu naye alimwamini Mungu, akajenga safina kabla ya mvua.

Pia tuache kukata mikoko. Haizuii wimbi lote, lakini huvunja nguvu zake.

Jumuiya yako ikutanapo wiki hii, ulizeni swali moja tu: kengele ikilia, tunakimbilia wapi? Kama hamna jibu, msitawanyike kabla ya kulipata.