Subira si Kunyamaza: Mtumishi Anapopitwa Cheo



Wasomaji wetu wapenzi, hivi karibuni tulipita Endabash, wilayani Karatu, tukakaribishwa na familia moja baada ya sala ya Ijumaa. Mwenye nyumba ni mhandisi wa serikali aliyekuwa likizo. Tulipokwisha kula, mkewe alituuliza swali ambalo tuliona si haki jibu lake liishie barazani.

"Ustadhi," alisema, "baba watoto yuko daraja lile lile mwaka wa kumi na moja sasa. Vijana aliowapokea kazini na kuwafundisha ndio wanaomtuma leo. Nikimwambia aulize, hunijibu kwamba ni subira. Je, mtu akimpeleka mwajiri wake kwenye sheria, amekosa subira?"

Mumewe aliinamisha kichwa, asiseme neno.

Jawabu letu ni kwamba subira ni kujizuia na pupa, matusi na fitina. Kudai haki kwa njia iliyo halali hakuitangui. Yusufu, amani iwe juu yake, aliomba mwenyewe kukabidhiwa hazina za nchi, akataja na sababu za kustahili kwake, na hakuna aliyemhesabu kuwa mwenye tamaa. Cheo ni amana, na Sura An-Nisaa, aya ya 58, inatuamuru kuzifikisha amana kwa wanaozistahili. Basi anayestahili akinyimwa pasipo sababu, hasara si yake peke yake. Wananchi nao hukosa mhandisi aliye bora zaidi.

Kuna kisa kimoja kutoka India kinachofaa kusimuliwa hapa. Dev Dutt alikuwa mhandisi wa serikali katika idara ya barabara za mipakani. Mwaka 1988 alipandishwa kuwa mhandisi mtendaji, na ilipofika 1993 alikuwa amekwisha timiza muda wa kufikiriwa kwa cheo kilichofuata. Kamati ilikaa Desemba 1994, wenzake wa chini wakapandishwa, yeye akaachwa. Sharti lilikuwa mtu awe na tathmini ya "nzuri sana" kwa miaka mitano mfululizo. Yeye katika mwaka mmoja, 1993–94, aliandikiwa "nzuri" tu, na wala hakuambiwa. Neno lenye sura ya sifa ndilo lililomfungia mlango.

Alishindwa mahakamani mara mbili mwaka 2001. Hakukata tamaa, akafika Mahakama ya Juu ya India, nayo ikatoa hukumu Mei 12, 2008, yeye akiwa amekwisha staafu. Majaji walisema kila tathmini, iwe mbaya au nzuri, ni lazima mtumishi aonyeshwe ili apate kuilalamikia, kwani kumficha ni kumnyima haki. Mwaka 2013 jopo la majaji watatu wa mahakama hiyo hiyo liliithibitisha kanuni hiyo katika shauri jingine.

Wasomaji wazingatie jambo moja. Mahakama haikumpa Dev Dutt cheo. Iliamuru aonyeshwe tathmini yake katika miezi 2, apewe miezi 2 ya kuilalamikia, na malalamiko yaamuliwe katika miezi 2 mingine. Iwapo tathmini ingepandishwa, ndipo afikiriwe upya na kulipwa malimbikizo. Haki ya mtumishi ni kufikiriwa kwa uadilifu. Hakuna aliyeahidiwa kupanda.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 22 ya Katiba inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi, na Ibara ya 13 inalinda haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa. Hata hivyo, kupanda daraja kunategemea muundo wa utumishi, utendaji, na kuwapo kwa nafasi katika ikama na bajeti. Tena si kila kuchelewa ni dhuluma. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha upandishaji wa madaraja ili kuhakiki watumishi hewa, na waliokwama wakati huo walikuwa wengi mno. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, tumekwama sote, au nimeachwa peke yangu?

Ikiwa ameachwa peke yake, aanze na kalamu. Aombe kwa maandishi, kwa heshima, aelezwe sababu, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Akusanye barua ya ajira, barua ya kupandishwa mara ya mwisho, vyeti, usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na tathmini zake za kila mwaka. Mfumo wa OPRAS ulipoanzishwa uliitwa wa wazi kwa sababu ulikusudiwa kuondoa tathmini za siri. Leo kazi hiyo hufanyika kwa mtandao kupitia PEPMIS. Basi mtumishi asiridhie alama asizozisoma.

Asikimbilie mahakamani kwanza. Tangu mwaka 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia za malalamiko zilizomo ndani ya sheria hiyo. Baada ya hapo ndipo Mahakama Kuu inapoweza kuombwa kuupitia uamuzi, nayo hutaka ruhusa iombwe ndani ya miezi 6. Anayenyamaza mwaka mzima kwa jina la subira huenda akaukuta mlango umefungwa. Amwone wakili mapema.

Nasi tuna neno kwa familia. Mke asimlinganishe mumewe na waliopanda, wala watoto wasisikie baba yao akidharauliwa. Wala tusikimbilie kusema fulani ametuloga, au tumenyimwa kwa ajili ya dini yetu, bila ushahidi. Tuhuma isiyo na ushahidi ni dhambi, na mbele ya sheria haina uzito.

Na wewe msomaji uliye msimamizi wa wenzako, kumbuka kwamba neno moja unaloliandika kwa haraka jioni ya mwisho wa mwaka laweza kumrudisha mtu nyuma miaka mingi. Andika kweli, kisha mwonyeshe.

Tulipoaga Endabash, mhandisi alitusindikiza hadi barabarani. Hapo ndipo aliposema, "Ustadhi, barua ya kuuliza sababu, huandikwa kwa nani kwanza?" Tukamwambia: kwa mwajiri wako, kupitia kwa msimamizi wako, na uiandike wiki hii.

Wallahu a'lam.