Mfungo wakati wa kaskazi: Itunze ngozi, usiichome

WEWE unayefunga wakati wa jua kali bila shaka umeyaona haya kabla ya juma la kwanza kumalizika. Midomo inakauka na kupasuka, uso unapauka, na miguu inatoa magamba meupe kana kwamba umetembea vumbini kutwa nzima. Hapo ndipo wengi, hususan akina dada wa vyuo, huanza kuhangaika: Je, Idi itanikuta na sura gani?

Swali hilo si la upuuzi. Lakini majibu wanayopewa madukani na vibandani ndiyo yanayotia hofu, kwani mengine huacha alama zisizofutika. Leo basi tutazame jinsi ya kuitunza ngozi mwezi mzima, ili ifikapo mkesha wa Idi usiwe na haja ya kukimbilia njia za mkato.

Kwanza tuelewe majira. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka wa 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, siku chache tu kabla ya Wakristo kuanza Kwaresima tarehe 5 mwezi uo huo. Miaka inayofuatia huingia Februari, kisha Januari. Hiyo ni miezi ya kaskazi, ambapo Pwani huwaka joto na jua la adhuhuri hutusimamia karibu wima kichwani.

Nao wakazi wa Nairobi wasidanganywe na ubaridi wa asubuhi. Jiji hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

MAJI KWANZA

Kwa kuwa tunaishi karibu na ikweta, mfungo wetu huchukua takriban saa 13 na nusu, mwaka uwe wowote. Usiku basi una nafasi ya kutosha kurudisha maji yaliyopotea, mradi uyapange.

Kosa la wengi ni kusahau maji usiku kucha kisha kubugia jagi zima wakati wa daku. Maji hayo huishia msalani. Afadhali uyagawe: glasi mbili unapofuturu kwa tende, moja baada ya chakula, mbili baada ya Tarawehe, moja kabla ya kulala na mbili wakati wa daku. Hizo ni glasi nane. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo na amuulize daktari wake kwanza.

Matikiti maji, machungwa, matango na madafu pia yanasaidia. Achari na vyakula vya chumvi nyingi wakati wa daku vitakuletea kiu kabla ya saa nne asubuhi. Kaimati hatukukatazi, lakini sahani nzima kila jioni haimfai mtu, na sukari nyingi huenda ikamzidishia chunusi kijana ambaye tayari anazo.

Ukihisi kizunguzungu kikali au mkojo ukigeuka rangi na kuwa kama chai ya rangi, hilo si suala la urembo tena. Nenda kivulini na utafute usaidizi. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua.

MAFUTA YA BEI NAFUU YATOSHA

Oga kwa maji ya uvuguvugu, usikae bafuni muda mrefu, wala usijisugue kwa dodoki kana kwamba unasugua sufuria. Sabuni ya kufulia nguo iachie nguo. Ukishajipangusa, jipake mafuta papo hapo, mwili ukiwa bado na unyevu, kwani kazi ya mafuta ni kuyazuia maji yasitoroke.

Huhitaji chupa ya maelfu ya shilingi. Vaseline, mafuta ya nazi, glisirini iliyochanganywa na maji, hata ile jeli ya kukamulia ng'ombe ambayo wengi waliolelewa bara wanaijua, zote zinafanya kazi. Wasiwasi wa kufungua nao usikusumbue: masheikh wengi wanakubaliana kuwa mafuta ya kupakwa juu ya ngozi hayabatilishi saumu. Midomoni paka kidogo tu, wala usiirambe. Kadiri unavyoiramba ndivyo inavyozidi kukauka.

JUA HALINA UDUGU

Wapo wanaosema kuwa mtu mweusi haogopi jua. Ni kweli kwamba rangi yetu, yaani melanini, inatukinga kiasi, lakini haituzuii kabisa kuungua. Aidha, mabaka meusi yaliyoachwa na chunusi huzidi kukolea yanapopigwa na jua.

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, tafuta kivuli inapowezekana. Mwavuli, kofia pana, mtandio au leso ni kinga bora. Ukiweza, nunua losheni ya kukinga jua iliyoandikwa SPF 30 au zaidi, uipake robo saa kabla ya kutoka na kuirudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi, lakini usiyategemee kukukinga na jua.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, losheni hiyo si anasa bali ni dawa, kwani kansa ya ngozi huwaandama mapema. Serikali hutoa losheni hizo bila malipo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mzazi, usione haya kuuliza.

NJIA ZA MKATO

Sasa tufikie yale ya mkesha wa Idi. La kwanza ni ndimu. Kuna wanaojipaka maji ya ndimu usoni ili wang'are. Maji hayo yakikutana na jua huiunguza ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha alama nyeusi kwa majuma kadhaa. Hata wewe unayekamua ndimu za sharubati ya futari, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

La pili ni piko. Hina halisi ni majani yaliyosagwa, na rangi yake ni ya chungwa au hudhurungi. Lakini piko nyeusi tititi aghalabu huwa ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Kuna mabinti ambao maua waliyochorwa mkononi yaligeuka vidonda, na tangu hapo ngozi zao haziwezi kustahimili dawa yoyote ya nywele ya aina hiyo. Mtoto usimpake kabisa.

La tatu, na ndilo baya zaidi, ni krimu za kujichubua. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zilipigwa marufuku nchini Kenya mnamo 1998, lakini bado zinauzwa kichinichini, nyingine zikiwa katika vikopo visivyo na maandishi yoyote. Zebaki hupenya hadi kwenye damu ikaharibu figo, na mama mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa ya rangi ya buluu na nyeusi ambayo ni vigumu mno kuondoa. Nyingine zina steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba mno. Zaidi ya yote, ngozi iliyochubuliwa imepoteza kinga yake, na jua la kaskazi huikuta wazi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Ikiwa tayari unazitumia, usijifiche. Nenda hospitalini na kikopo chako mkononi umwonyeshe daktari, kwani nyingine zikiachwa ghafla uso huweza kuvimba na kuwasha.

Nawe mzazi, bintiyo akianza kuuliza ni nini kitamfanya awe mweupe kufikia Idi, usimfokee. Mketishe, umweleze haya, kisha umnunulie mafuta yake na chupa ya maji ya kuweka karibu na kitanda. Ngozi yake haina dosari. Ina kiu tu, na kiu hiyo inatibika kila jioni adhana inaposikika.

Nawatakia mfungo mwema. Tukutane Jumapili ijayo.