Mokoto Iko na Maji, Serikali Iko Wapi?

Vijana wenzetu wa Goma,

Sisi huku tumezoea kulia juu ya maji ya muji, na ni haki yetu. Kulala kando ya Ziwa Kivu halafu kununua maji kwa bidoni, ni aibu ya serikali. Lakini leo tuangalie kule juu, Masisi, usultani wa Bashali, kwenye maziwa ya Mokoto.

Ndalaga na wenzake yamelala katikati ya vilima, karibu na Kitchanga. Wageni wakifika wanasema ni Uswisi, wanapiga picha, wanaenda zao. Hakuna anayeuliza mama anayechota pale anapeleka nini nyumbani.

Ziwa haliharibiki siku moja. Unakata miti ya kilima juu ya makala na malisho. Mvua ya Masisi, na munaijua ile mvua, inashusha udongo mpaka ndani ya maji. Ng'ombe wanaingia kunywa na wanaacha mavi. Mama anachota palepale juu bomba hakuna. Kipindupindu kikilipuka, tunaita mashirika yalete klore. Klore inaisha na mradi unafungwa, lakini kilima kinabaki bila miti.

Tutaambiwa: ngojeni vita iishe. Hapana! Hata mkimbizi anakunywa maji. Kifungu cha 48 cha Katiba kinasema maji safi ni haki. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inapatia jimbo sehemu ya kazi hiyo. Hakuna pahali imeandikwa "isipokuwa Masisi". Na yule mwenye bunduki anayetoza ushuru barabarani, M23 ao mwingine, naye tunamuuliza: huo ushuru umejenga bomba gani?

Ao pesa ndiyo hakuna? Tushuke basi kwa jirani, Walikale. Bisie inatoa bati inayotafutwa dunia nzima. Kanuni ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema katika ushuru wa madini, 25% ni ya jimbo na 15% ni ya eneo lenye mgodi. Sekta ya Wanianga na jimbo watuonyeshe hesabu: ni chemchem ngapi zimetengenezwa na hizo pesa?

Tunachodai si maajabu. Miti irudishwe kuzunguka maziwa, ng'ombe wachimbiwe birika mbali na ukingo, chemchem zijengwe na zifungwe bomba, na komite ya maji iwe na wale mama wanaobeba bidoni, si wakubwa peke yao. Wa kufanya kazi wapo: maagronome na mainjinia wamejaa huku mjini, diploma mkononi, wanauza krediti ya simu.

Jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Basi gavana wa kijeshi na Kinshasa ndio watujibu, kwa maandishi.

Na wewe mwenye ndugu Kitchanga, Mweso ao Walikale, mupigie leo. Muulize wanachota wapi, wanatembea saa ngapi, chemchem gani imekufa. Tuandikie jibu lake, orodha tunaianza sisi wenyewe.