Kanisa Lilishwe na Nani?

Katika Nakuru na viunga vyake, kuanzia Naivasha hadi Molo, husemwa mambo mawili juu ya fedha za kanisa, na yote mawili husemwa kwa sauti kubwa: la kwanza husemwa mimbarani, kwamba Mkristo asiyetoa fungu la kumi anamwibia Mungu, la pili husemwa nje ya lango, kwenye stendi za matatu na vibanda vya chai, kwamba kanisa limekuwa duka na mchungaji ndiye mwenye duka. Toleo hili tumewakusudia wale ambao kauli hizo mbili hazikuwatosha, wanaotoa kila Jumapili na huku wanajiuliza, na wale walioacha kutoa na dhamiri haijawapa raha. Ni haki basi tuseme mapema tunasimama wapi, ili msomaji ajue anazungumza na nani.

Kauli yetu ni kwamba kutoa mali kwa ajili ya kanisa ni ibada kamili, haipungui saumu wala sala, maadamu mtoaji ameiachilia mali ile kweli, asiwe amelegeza vidole tu na ncha ya kamba ingali imo mkononi mwake. Jirani zetu Waislamu walilijua hili tangu zamani, wakalitungia sheria: mwenye kuiweka nyumba au shamba lake kuwa wakfu, Lamu au Mombasa, hana tena ruhusa ya kuliuza wala kulirithisha wala kulirudia, na zaka nayo, sehemu moja katika arubaini, imekwisha kupangiwa makundi manane ya wenye kuistahiki, hata tajiri hawezi kuwagawia masahibu zake kisha akadai ametimiza faradhi. Sisi Wakristo hatukuwekewa mipaka iliyo wazi kiasi hicho. Tumeachiwa nia, na nia, kama ajuavyo kila aliyewahi kuuchunguza moyo wake, ni nyepesi kuteleza.

Tena twasema, na hili ndilo lililotufanya tuichague mada hii, kwamba kanisa ambalo waumini wake wamelegea katika kutoa halilali na njaa. Hupata mlishaji mwingine.

Huyo mlishaji mwingine twamjua sote. Aghalabu huja ibada ikiwa imekwisha kuanza, akaketishwa mbele penye viti vya mito, akapewa kipaza sauti mara baada ya mahubiri (na yako makanisa ambayo hayangoji hata mahubiri yaishe), naye akatoa kitita ambacho kwaya na mabati na nyumba ya padri vingekingojea miaka mingi. Mwaka 2024, baada ya vijana kuingia barabarani mwezi Juni na kuwauliza viongozi wa dini, pamoja na wa siasa, wamekuwa wakila sahani moja na nani, serikali ilitangaza mwezi Julai kwamba watumishi wa umma hawataruhusiwa tena kushiriki harambee. Lakini haikutimia miezi mitano, tarehe 17 Novemba, Rais William Ruto akatoa shilingi milioni 2.6 katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akaahidi milioni 3 nyingine, na kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo arudishiwe mwenyewe. Machi ya mwaka uliofuata zikatajwa milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry huko Roysambu, na Jumapili ya pili yake vijana waliokwenda kupinga wakakutana na polisi na mabomu ya machozi. Kabla ya hayo yote, Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alikuwa amekwisha kuwazuia wanasiasa kuhutubia ndani ya ibada.

Maaskofu hao tunawapongeza. Lakini katika zogo lile lote kuna swali ambalo halikuulizwa vya kutosha: zile milioni zilipataje mlango wa kuingilia? Hakuna mtu aletaye ngano penye ghala lililojaa. Askofu akisharudisha milioni 2.6, nyumba ya padri bado haijajengwa, kwaya bado haina vyombo, na wale waliompigia makofi askofu kwa kukataa wengi wao hawajaulizwa Jumapili ile walitia nini katika kapu. Kijana aandikaye kwamba hatatoa senti mpaka kanisa liachane na wanasiasa ana hoja, nasi tumempa nafasi katika toleo hili aieleze kwa ukamilifu. Ila aelewe kwamba kapu alilolipita mkono mtupu ndilo mwanasiasa analolitafuta.

Swali hili liliwahi kuulizwa kwa ukali zaidi, na kutoka upande usiotazamiwa, na Mkenya mwenzetu. Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, mwaka 1971, mbele ya watu ambao ndio waliokuwa wakituma wamisheni na misaada, akawaambia kwamba umefika wakati wamisheni waondoke kwa muda usiopungua miaka mitano, ili kanisa la Afrika lijitambue na lisimame. Walioketi pale walikuwa wamezoea kuombwa waongeze, hawakuzoea kuombwa wasite. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka uliukubali wito huo, wa kusitisha watu na kusitisha fedha pia, na mabishano yaliyofuata yakaenea dunia nzima: wako waliomwita Gatu mwenye kiburi, wako waliomwita mpinga injili, na hata hapa nchini wako wachungaji walioona kwamba anakata tawi walilokalia. Jibu lake halikuwa la maneno matupu, kwa sababu kanisa lake lilikwisha kujipa neno Jitegemea liwe ndiyo bendera yake, na waumini wakaanza kuchangia mishahara, majengo na shule ambazo hapo awali ziliandikiwa barua Scotland.

Mtu aliyeiona hatari katika fedha ya rafiki mwema, ambaye hakutaka kura wala zabuni, angetuambia nini juu ya fedha ya mgombea? Gatu hakusema kwamba wamisheni ni waovu. Alisema kwamba mwenye kulishwa daima hapati kujua nguvu za mikono yake, wala hapati kunena kwa uhuru mbele ya mwenye kumlisha. Tuliyaona matunda ya ulimi huru hapahapa Nakuru. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza jimbo hili tangu 1971 hadi 1996, alipoyalaani waziwazi mapigano ya mwaka 1992 na baadaye, watu wakichomewa nyumba na kufukuzwa mashambani Molo na Olenguruone, wenye mamlaka hawakufurahi hata kidogo. Lau angekuwa na deni kwao, maneno yale yangemkwama kooni. Hatusemi kwamba jimbo lake lilijitosheleza, kwani misaada ya ng'ambo ilikuwapo. Twasema tu kwamba mahubiri ya namna ile hayatoki katika kanisa ambalo paa lake limeezekwa na mtu anayetajwa ndani yake.

Wala watu wa Bonde la Ufa hawawezi kudai kwamba hawajui kuchanga. Sehemu kubwa ya eneo hili ilinunuliwa kwa michango. Walowezi walipoanza kuondoka, watu wasiokuwa na kitu waliungana katika makampuni na vyama vya kununua mashamba, Ngwataniro na Ndeffo yakiwa miongoni mwa yanayokumbukwa zaidi katika Nakuru, wakaweka shilingi juu ya shilingi hata shamba la mzungu mmoja likawa makazi ya mamia. Ni mikono hiyohiyo iliyosimamisha makanisa ya mbao na mabati ambayo hata leo yanaonekana kando ya barabara kutoka Njoro kupanda Mau. Si kila mchango wa zama zile ulifika ulikokusudiwa, na wako wazee waliokufa wakiwa bado wanadai ekari zao. Lakini hilo ni hoja ya kuchunga hazina, si hoja ya kutochanga.

Ama namna ya utoaji tunaoupenda sisi, haihitaji msafara. Hudhuria Jumapili ya mavuno katika kanisa lolote la Elburgon au Mau Narok. Baada ya baraka watu hawatawanyiki. Hutoka na kusimama nyasini kuzunguka vitu vilivyoletwa madhabahuni asubuhi: kabichi, viazi vya ndoo, trei za mayai, maziwa ndani ya mtungi wa plastiki, kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye hakukubaliana na ibada tangu mwanzo. Anayenadi huwa mzee mwenye ulimi mwepesi. Jogoo huanza kwa shilingi mia tano, hupanda hadi mia nane, aliyemnunua humrudisha anadiwe tena, wa pili humrudisha pia, na wa tatu humkabidhi ajuza aliyeketi kwenye benchi karibu na mlango. Aliyeleta mayai ni mama ambaye malipo ya maziwa yake hayaji ila mwisho wa mwezi, hana noti ya kutia bahashani, akaleta alichookota kwenye banda alfajiri. Hakuna ajuaye kwamba trei ile ni yake, isipokuwa jirani aliyepanda naye bodaboda.

Katika nchi hiyohiyo ya juu, wakulima wa pareto walikaa miaka wakipeleka maua na kungojea malipo ambayo hayakuja, na Bodi ya Pareto makao yake yalikuwa papa hapa Nakuru. Na katika miaka ile kapu liliendelea kupita. Kutoa katika hali kama hiyo ndiko tunakokuita imani, kwa sababu mtoaji hana dhamana yoyote ya kurudishiwa. Tunatofautiana kabisa na wahubiri wanaowaambia watu wapande mbegu ya shilingi elfu wavune laki: hiyo ni bahati nasibu, na tofauti yake na ile ya barabarani ni kwamba ya barabarani hulipa kodi. Mnada nao hauna usalama kamili, kwani wako wanaopandisha bei ya kabichi ili waonekane, na riya yaweza kuingia hata katika jogoo.

Hapo ndipo simu ya mkononi ilipotufaa na kutudhuru kwa pamoja. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na milango ya ibada ilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi, makanisa mengi ya mjini yaligundua kwamba yaweza kuendelea kwa sababu tu namba ya malipo ilikuwa imebandikwa ukutani. Aliyeketi kando yako hajui umetuma nini. Mhazini anajua, na jina lako anaona, na kiasi anaona. Na kanisa lisilokuwa na mhazini mwaminifu linaweza kutumia orodha ile kwa namna ambazo Bwana wetu hakuzikusudia alipofundisha kwamba mkono wa kushoto usipewe habari za wa kulia.

Basi hatuwezi kuwahimiza watu watoe na kunyamaza juu ya wapokeao. Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutosheka kuwasifu Wamakedonia kwa ukarimu wao katikati ya ufukara. Alihakikisha wako ndugu wengine, walioaminiwa na makanisa, wanaosafiri pamoja na fedha ile, asije mtu akapata la kumlaumu. Mtume alikubali kusindikizwa na mashahidi, sembuse mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa Kaptembwo au Lanet. Mhazini anayeudhika akiulizwa stakabadhi amekwisha kujibu swali.

Kwa hiyo tunayo haja kwa wasomaji wetu, nasi tunaitoa bila kuzunguka. Waumini, jazeni kapu lenu wenyewe, kwa mayai ikiwa noti hamna, na hesabu zikisomwa msitoke kwenda kuwahi matatu. Wahazini wa makanisa ya Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro, Subukia na Molo, wa madhehebu yoyote, tuandikieni mtueleze hesabu za kanisa lenu husomwa lini, na nani, mbele ya nani, na aliyeuliza swali mara ya mwisho alijibiwaje. Tumetenga kurasa za toleo lijalo kwa ajili ya majibu hayo, na tutayachapisha yote, mazuri na mabaya. Anayeona haya kulitaja kanisa lake na asilitaje. Hesabu zenyewe zatutosha.